Ombi la Valerie na Mahema ya Kimotho

"Mama Valerie, hivi huyo msichana wako huwa anamwandikia nani barua mchana kutwa, na mbona huyo mtu hamjibu?"

Aliyeuliza ni Immaculate, jirani wa ukuta mmoja wa mabati pale Kibera. Alikuwa amechungulia mlangoni akijifanya anatafuta kiberiti, ingawa kiberiti chake kilikuwa kimechomoza kwenye mfuko wa aproni. Annet hakumjibu upesi. Alikuwa mjane wa kuliacha swali lipoe kwanza ndipo alishike.

"Anaandikia kazi," alisema mwishowe.

"Kazi inaandikiwa?"

"Siku hizi inaandikiwa."

Immaculate aliguna, akaenda zake, na Annet akabaki na aibu ndogo, kwa sababu ukweli ni kwamba hata yeye hakujua. Alichokuwa akiona ni kile kile alichokiona jirani: Valerie anaandika mistari michache kwenye kompyuta, anabonyeza, kisha anakunja mikono na kuitazama skrini kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Kazi yenyewe aliijua. Ilikuwa ya Kimotho, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha kule Kawangware, ambaye pia hukodisha mahema, viti na masufuria makubwa. Hakuna aliyeoa wala kuzikwa upande ule bila kupita kwake. Shida yake ilikuwa moja: hema moja lilikuwa likiahidiwa watu wawili. Mwezi wa nne bibi harusi mmoja alifika uwanjani na wasimamizi wake, akakuta jeneza limetangulia kivulini. Tangu siku hiyo Kimotho hakulala vizuri. Ndipo akamwambia Valerie, "Nitengenezee kitu cha kwenye simu, mimi na Beth wa stoo tuone hema gani liko wapi na nani amelishika siku gani. Ijumaa alasiri nitakuja stoo kukiangalia. Kikifanya kazi, wewe ni wangu, kazi ya kudumu. Kisipofanya, tusisumbuane."

Kisipofanya, kulikuwa na Wesonga. Wesonga alikuwa wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni, mtu mpole wa viatu vya kung'aa, na Valerie alikuwa amekwisha kumpa jina lake. Nafasi moja ilikuwa imebaki. Annet hakumchukia Wesonga. Ila alikuwa na mtoto mmoja tu, na hakutaka awe mtoto wa kuonwa kwenye simu, upana wa kiganja, akisema "Mama, mtandao unakatika." Kwa hiyo Kimotho aliposema Ijumaa alasiri, Annet alimpigia Wesonga na kumwambia aje Ijumaa hiyo hiyo, saa ile ile, kule kule stoo. Jambo limalizike mbele ya watu.

Jioni ile walikaa mezani, Annet akizitafutia jozi soksi za watoto za kuuza soko la Toi, Valerie akitazama maziwa yake.

"Hebu niambie," Annet alisema. "Unamwandikia nani?"

Valerie alicheka. "Ni Immaculate amekutuma?"

"Nimejituma."

"Sawa, Mama. Programu yangu inakaa ndani ya kontena. Makontena ya watu wengi yanakaa kwenye klasta ya mwalimu wetu wa kompyuta, Kagiri. Klasta ni kompyuta nyingi zinazofanya kazi kama ploti moja, na makontena ndiyo vyumba. Chumba kikianguka, klasta inajenga kingine pale pale."

"Na vitu vya mpangaji?"

"Vinaenda na chumba. Ndiyo maana mahema siwezi kuyaweka humo. Nayawekea hifadhidata, mahali pa kuandikwa, na hiyo ninaikodi kwa wenye kompyuta kubwa huko nje. Wanaitunza wao, wanaikarabati wao, na kila usiku wanaitolea nakala."

"Ploti yenye keateka wa kuitunza."

"Yenyewe. Ila huyu keateka anashika simu."

Annet alicheka mpaka soksi zikamponyoka.

"Sasa kuikodi, siendi kwao. Kagiri ametukataza kwenda kubonyezabonyeza ovyo. Ninaandika kwenye faili: nataka hifadhidata, jina lake hili, ukubwa wake huu. Ninaipa klasta. Ndani ya klasta kuna msimamizi. Si mtu, ni programu tu, kazi yake kusoma maombi kama hayo. Anayapeleka kwa wenyewe, anaomba kwa niaba yangu, kisha anarudi kuniambia limefika wapi."

Annet aliweka soksi chini kabisa.

"Huyo ni mwombezi," alisema.

"Mama, ni programu."

"Nimekusikia. Mwombezi."

Na kuanzia hapo alimheshimu. Ombi la kwanza lilikataliwa kwa sababu Valerie aliandika jina "Mahema ya Kimotho", na msimamizi hakubali nafasi katikati ya jina wala herufi kubwa.

"Hata K ya Kimotho?" Annet aliuliza.

"Hata K ya mfalme."

Hilo lilimpendeza Annet sana. Valerie akaandika upya kwa herufi ndogo, maneno yameshikanishwa kwa vistari, na safari hii jibu likawa kwamba inaandaliwa. Walikunywa chai inaandaliwa. Annet akaosha vikombe inaandaliwa. Alipokuwa akivipangusa, neno likageuka: tayari.

"Aleluya," Annet alisema, na kitambaa kingali mkononi.

Jumatano Beth, mtunza stoo, aliingiza kila kitu kutoka Kawangware kwa simu yake: mahema, wateja, siku. Valerie alimwonyesha mama yake jinsi majedwali yalivyokuwa na undugu, kila hema likimjua mteja wake na kila mteja akiijua siku yake. Ukijaribu kumpa hema mtu ambaye hajaandikwa kwenye jedwali la wateja, inakataa.

"Kama mgeni kanisani," Annet alisema. "Atambulishwe kwanza ndipo apewe kiti."

Hapo yafaa kusema habari za sanduku la maombi. Kanisa lao la Kawangware, ambako Annet aliabudu tangu marehemu mumewe Wepukhulu alipokuwa fundi wa milango kule, lilikuwa na sanduku la mbao ambalo kila mwenye haja aliandika karatasi akatia ndani. Akina mama walikuwa wakiliombea. Haja ikijibiwa, mwenyewe alisimama mbele ya watu, akatoa karatasi yake, akairarua na kushukuru. Kuiacha ndani ombi likiwa limejibiwa kulihesabiwa utovu wa adabu, kama kuendelea kupiga hodi ukiwa umekwisha kukaa. Mtunza sanduku alikuwa Annet, na hakuwa na mchezo nalo. Aliwahi kumfuata mzee mzima mpaka kazini kwake: "Baba, mke ulipata. Njoo utoe karatasi."

Basi Alhamisi mchana, akipita nyuma ya kiti cha Valerie, aliliona lile ombi bado liko kwenye skrini, na ubavuni mwake neno lile lile, tayari.

"Hiyo haijajibiwa juzi?"

"Imejibiwa."

"Na mbona karatasi iko?"

Valerie aliitazama. Alikuwa amelelewa kwenye benchi la mbele la kanisa lile, na hata yeye, kusema kweli, ile faili ilikuwa ikimkera machoni kama sahani iliyoliwa. Kagiri alikuwa amewafundisha kuomba. Kutoa shukrani hawakufika.

"Si ni kweli," alisema. Akaifuta faili, akaifuta na kwenye klasta, akasema "Asante" kwa sauti ya kanisani ili kumchekesha mama yake. Wote wawili wakacheka. Wakala githeri.

Githeri haijashuka vizuri, simu ikalia. Beth.

"Valerie, mahema yameenda wapi?"

"Kwani yameibiwa?"

"Hapana! Niko nayo hapa, nimeyaegemea. Kwa macho yapo. Kwa simu hakuna hata moja. Wateja hakuna. Hata mimi nimetafuta jina langu, sipo!"

Valerie alivuta kompyuta, akatazama, akashika kichwa. Alimpigia Kagiri na kumweka kwenye spika, na Annet akamsikia mwalimu akicheka kwanza, kisha akinyamaza alipokumbuka Ijumaa ni kesho.

"Valerie, ulitoa ombi?"

"Lilikuwa limejibiwa, mwalimu."

"Sasa huyo msimamizi hajui habari za kujibiwa. Kila wakati anasoma mnachotaka, anaangalia kilichopo, anavilinganisha. Akikuta karatasi haipo, anaelewa kitu kimoja tu: hamkitaki tena. Basi anaenda kukirudisha kwa wenyewe. Na nakala zake pia zimeenda."

Annet alishindwa kuvumilia. "Mwalimu, samahani, ni mama yake. Kwa hiyo kwake karatasi inatolewa lini?"

"Haitolewi, mama. Inakaa humo kwa muda wote unaokihitaji hicho kitu."

"Hata ukishapewa?"

"Hasa ukishapewa."

Annet alikaa kwenye kitanda. Ombi lisiloondolewa! Hata mkesha huwa na alfajiri yake, watu wakaenda nyumbani. Kisha akaona jambo la pili, baya zaidi, kwamba sauti iliyosema "mbona karatasi iko" ilikuwa yake mwenyewe, na kwamba kwa adabu yake ya sanduku alikuwa amemsogeza mtoto hadi karibu na ngazi ya ndege.

"Valerie," alianza.

"Mama, usianze. Kidole ni changu."

Aliandika ombi upya. Likakataliwa. Jina la hifadhidata iliyofutwa haliwezi kupewa nyingine mpaka siku kadhaa zipite.

"Hata bibi yangu alikuwa hivyo," Annet alisema kwa sauti ndogo. "Hakutaka mtoto apewe jina la marehemu kabla udongo haujakauka."

Valerie alijikuta anacheka na machozi yamemlenga. Alilibadilisha jina, akaongeza mistari miwili aliyoelekezwa na Kagiri, na ombi likaenda. Inaandaliwa. Wakati huo akampigia Beth.

"Anti Beth, kile kitabu ulichoandikia zamani bado uko nacho?"

Beth alikohoa.

"Anti Beth?"

"Si ulisema tumehamia kwa kompyuta? Nilimpa yule wa mandazi hapa nje afungie. Wacha niangalie... Nimepata ukurasa mmoja. Una mafuta. Inasema 'sufuria kubwa, Mama' halafu mandazi inaanza."

Hifadhidata mpya ikawa tayari, safi na tupu kama nyumba iliyohamwa. Annet aliitazama sana. Kisha akavaa leso yake ya kanisani, ile nyeupe ya akina mama, ingawa ilikuwa Alhamisi, akaanza kupiga simu.

Ijumaa asubuhi Valerie aliwakuta watu wamejaa stoo ya Kimotho kule Kawangware, wameketi juu ya viti vya kukodisha, kila mtu na haja yake. Annet aliwaita wote waliokuwa na harusi, mazishi, ruracio ya kupeleka mahari au shukrani, na waliowajua wengine wakaja nao. Akawapanga kama siku ya ushuhuda.

"Simama, taja jina, taja siku, taja ulichoitisha. Usihubiri."

"Mimi naitwa Wamucii, Jumamosi hii, ruracio ya dada yangu. Hema la mistari na viti. Na ninamshukuru Mungu kwa—"

"Umehubiri. Keti."

Valerie aliandika. Alisimama Mama Walubengo, akataja mazishi ya shemeji yake, Jumamosi hiyo hiyo, hema la mistari. Valerie akabonyeza, akabonyeza tena.

"Imekataa. Inasema hema la mistari limeshikwa."

"Limeshikwa na nani?" Mama Walubengo aligeuka.

"Na mimi," Wamucii alisema. "Nimelishika tangu Pasaka."

"Ulilishika ukisema na Beth. Mimi nilisema na Kimotho mwenyewe."

"Basi omboleza kwa Kimotho."

Akina mama wakapiga kelele, wengine za kukemea na wengine za kufurahia. Annet alipiga kofi moja.

"Mlilia maiti na mpeleka mbuzi wangekutana hapo uwanjani kesho, mbele ya wageni. Sasa mmekutana leo, mkiwa mmeketi. Kuna hema gani lingine, Beth?"

Kulikuwa na la kijani. Mama Walubengo alisema marehemu alikuwa shabiki wa kijani maisha yake yote, atafurahi. Wamucii alimpa mkono. Mwingine akasimama akakiri, bila kuulizwa, kwamba sufuria mbili za tangu mwaka jana ziko nyuma ya nyumba yake na kuku wanalala humo. Beth alimgeukia.

"Na mimi nilikatwa mshahara kwa hizo," alisema Beth.

"Nitazileta, Beth. Na kuku mmoja."

Kufikia wakati wa chakula cha mchana majedwali yalikuwa yamejaa tena, yana undugu wao kamili, na yalikuwa ya kweli kuliko yale ya kwanza.

Alasiri Wesonga alifika kabla ya Kimotho. Annet alimpa kiti na chai, akamwuliza habari za nyumbani Bungoma, akamwongezea sukari. Wesonga alipangusa kiatu chake cha kulia, kisha cha kushoto.

"Mama, ni uamuzi tu. Ndege haingoji."

"Tunamngoja mzee mmoja tu," Annet alisema.

Kimotho aliingia na kofia yake ya ngozi, akaketi kwenye kiti chake mwenyewe cha kukodisha, akakijaribu kwa kukitikisa. "Haya. Nionyeshe."

Valerie alisimama. "Mzee, kabla sijakuonyesha, kuna jambo. Jana niliifuta yote."

Annet alifunga macho. Hakumfundisha kusema hivyo. Lakini hakumfundisha kuficha pia.

"Uliifuta," Kimotho alirudia.

"Kwa kosa langu. Leo asubuhi tumeiandika upya na akina mama. Iko sawa."

Wesonga alikohoa kwa adabu. "Kule tunakowapeleka," alisema akikitazama kikombe, "hakuna mambo ya kufuta. Ni kufua tu."

Hakuna aliyecheka. Kimotho alivua kofia, akaiweka gotini. "Msichana, mimi nimekupa mahema yangu, wewe unayafuta. Kesho ukipiga chafya utayafuta tena. Nikuamini kwa nini?"

Valerie aligeuza kompyuta, akaisukuma mbele yake. "Ifute wewe."

"Nini?"

"Wewe ndiye mwenyewe. Ifute. Kitufe ni hicho."

"Valerie!" Beth alisema.

Annet alikuwa anaomba, na ombi lenyewe halikuwa na maneno. Kimotho alimtazama binti, akatazama kitufe, akanyoosha kidole chake kinene na kubonyeza. Maandishi mekundu yakatokea.

"Imesema nini? Sina miwani."

Beth alisogea. "Imesema haitaki."

"Haitaki? Mimi ni Kimotho."

"Haijali, mzee."

Alibonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama kengele ya mpangaji aliyejificha ndani. Nyekundu. Akabonyeza mara nyingine. Shingo ya Kimotho ilianza kufanana na maandishi.

"Hiyo ni kufuli ya kwanza," Valerie alisema. "Kosa langu lilikuwa lingine. Nilitoa lile ombi nililoandikia msimamizi, naye akadhani hatuitaki. Toa ombi. Bonyeza hapa."

Kimotho alibonyeza. Ombi likatoweka kwenye skrini. Watu wote wakamgeukia Beth, aliyekuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Yapo," Beth alisema. "La mistari kwa Wamucii. La kijani kwa mazishi. Hata mimi nipo!"

"Nimeandika kwamba hata karatasi ikitolewa, kitu kibaki," Valerie alisema. "Sasa ninairudisha, msimamizi ataikuta hifadhidata yake na kuendelea kuitunza." Akaandika, akabonyeza, akakunja mikono. Tayari.

Kimotho alikuna kidevu, akaangalia mahema yake yaliyokunjwa ukutani, moja moja, kana kwamba yalikuwa yamemsema vibaya.

"Tangu nianze kuwa mwenye ploti," alisema polepole, "sijawahi kukataliwa na kitu changu mwenyewe."

"Na mama watoto?" Beth aliuliza.

Hapo hata Kimotho alishindwa, kicheko kikamtoka puani. Akavaa kofia.

"Jumatatu, saa mbili. Ukichelewa nitakufuta wewe, na kwako hakuna kufuli." Kisha akamgeukia Annet. "Mama Valerie, na wewe unaweza kunipangia wale wanaokuja kulalamika hapa asubuhi. Nimeambiwa unajua kunyamazisha."

"Tutaongea, mzee," Annet alisema, lakini hakuwa amemsikia vizuri. Alikuwa anamtazama mwanawe, aliyekuwa ameketi ghafla juu ya rundo la turubai, akicheka na kujipangusa uso kwa mkono wa sweta.

Kisha akakumbuka mgeni, akainua birika.

"Nikuongezee, baba?"

Wesonga aliitazama birika, akamtazama Valerie, akamtazama Annet kwa muda, na Annet akamtazama yeye bila kukwepa wala kutabasamu. Akaweka kikombe chini ya kiti taratibu. Akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akainama kwenye mlango mfupi wa mabati, akatoka.